Kifua Kikinyamaza

Wewe unayeanza zamu za usiku wiki hii, mgonjwa wa pumu aliyebanwa utamjua kabla hajafika mezani. Hawezi kuegemea kiti. Anainama mbele, viganja magotini, mabega yanapanda na kushuka. Muulize ametoka wapi. Akikujibu sentensi nzima, una muda kidogo. Akitoa neno, akavuta pumzi, ndipo akatoa jingine, acha kujaza kadi.

Miluzi ya kifuani ndiyo inayowadanganya wageni wa kazi. Mwaka wangu wa kwanza nilimsikiliza kijana mmoja, kifua kinapiga filimbi pande zote. Nikamwacha kidogo kumwona mwingine. Niliporudi kifua kilikuwa kimya, naye ametulia, macho yamelegea. Nikafurahi! Nesi mmoja mzoefu akamvalisha kipimo cha oksijeni kidoleni: asilimia 84, chini mno. Hewa ilikuwa karibu haipiti kabisa, ndiyo maana hapakuwa na cha kupiga mluzi. Alipona, lakini si kwa ujanja wangu.

Salbutamoli ya pampu, dawa ya kufungua njia za hewa, ipitishe kwenye spesa, kopo linaloshika dawa kabla mgonjwa hajaivuta: mbonyezo mmoja mmoja, 4 hadi 10, urudie kila dakika 20 katika saa ya kwanza. Oksijeni ikiwa imeshuka, muwekee. Prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe wa njia za hewa, mpe mapema, kwani huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Spesa hakuna? Chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa kitako kwa waya wa moto mpaka mdomo wa pampu uingie, ziba kingo kwa plasta. Nebulaiza, mashine ya kugeuza dawa kuwa ukungu, inasubiri umeme urudi, chupa haisubiri.

Si kila mluzi ni pumu, lakini. Mtoto aliyebanwa ghafla akila karanga, mluzi upande mmoja, huenda imempalia. Mzee aliyevimba miguu, fikiria moyo.

Kabla hujamruhusu mtu, mwambie akuonyeshe anavyotumia pampu yake, nawe unyamaze utazame. Mama mmoja aliyekuwa akirudi kwetu kila mara alibonyeza mdomo wazi, kisha akavuta pumzi kwa pua. Dawa yote iliishia ulimini. Ile pampu ya pili, ya kila siku ya kuzuia asibanwe, aliiacha kabatini kwa sababu "haisaidii hapo hapo". Tukaanza upya: tikisa, toa pumzi, bonyeza huku ukivuta polepole, bana pumzi uhesabu mpaka 10. Akapatia mara ya tano, akicheka.