Mstari wa 11 Tunaupenda, Lakini wa 5 Ndio Ulionivusha

Sidhani kama kuna mstari wa Biblia unaotembea nchini mwetu kuliko Yeremia 29:11. Upo kwenye kalenda za kanisa, upo kwenye vioo vya daladala, na ukipatwa na shida kidogo tu, simu yako itajaa: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Mwaka 2020 nilitumiwa mstari huo na watu wengi mpaka nikawa naufuta kabla sijaumaliza. Imani nilikuwa nayo. Kilichonichosha ni kuhubiriwa mwisho mwema na watu ambao hawakuniuliza nyumbani tumekula nini.

Mimi ni dereva na mwongoza watalii hapa Arusha. Kazi yetu ina kalenda yake. Aprili na Mei ni masika, barabara za hifadhini ni tope, wageni ni wachache, na fedha ya Desemba mpaka Februari ndiyo inayotakiwa ituvushe mpaka Juni. Kwa hiyo mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa hapahapa Arusha, Machi 16, 2020, na ndege za kimataifa zikasimamishwa mwezi uliofuata, wengi wetu hatukushtuka sana. Tulijiambia ni masika yaleyale, yamekuja mapema. Hofu ilianza Juni. Anga lilikuwa limeshafunguliwa tangu Mei, lakini wageni hawakuja. Nchi iliyopokea watalii zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 iliishia na takriban 620,000 mwaka huo. Mwajiri wangu alitupa likizo bila malipo, isiyo na tarehe ya kurudi. Hujafukuzwa, kwa hiyo huna cha kudai. Huna kazi, kwa hiyo huna cha kula. Ningeambiwa "rudi baada ya mwaka mmoja" ningejipanga. Kutojua ndiko kulikokuwa kunanikosesha usingizi.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa kanisa, mwalimu mstaafu, mtu asiye na maneno mengi. Nilimwambia nimechoka na Yeremia. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo sura umeisoma yote?" Nikamwambia ninaijua. Akasema, "Sijakuuliza kama unaijua."

Nikaenda kuisoma. Kumbe ile ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu waliochukuliwa mateka na Nebukadreza mpaka Babeli, watu wenye swali moja tu: tunarudi lini? Na mstari wa 10, ambao sijawahi kuuona kwenye kalenda yoyote, unajibu: baada ya miaka sabini. Hebu fikiria mtu mzima wa miaka arobaini anasomewa barua hiyo. Anaelewa papo hapo kwamba yeye harudi. Ahadi ni ya kweli, lakini watakaoiona kwa macho ni wajukuu.

Rudi nyuma sura moja ukutane na Hanania, nabii wa Gibeoni. Yeye alikuwa na ujumbe mtamu: ndani ya miaka miwili mizima vyombo vya hekalu vitarudi, na mateka watarudi. Akaichukua nira shingoni mwa Yeremia akaivunja mbele ya watu wote. Ningekuwepo siku ile nina hakika ningemshangilia Hanania. Nani asiyetaka miaka miwili badala ya sabini? Lakini Mungu hakuwa amemtuma. Nawaambia ndugu zangu, akina Hanania hawajaisha. Mwaka ule walijaa redioni na kwenye simu: funga siku kadhaa, panda mbegu ya kiasi fulani, nunua mafuta ya upako, na kabla ya mwezi kwisha simu ya kazi italia. Jirani yetu alituma fedha ya kodi ya nyumba kwa namba iliyosomwa hewani. Sitamcheka, maana mtu aliyebanwa hushika chochote. Ila yeyote anayekupa tarehe ya Mungu na namba ya kutumia fedha kwa pumzi moja, mkimbie.

Sasa ndio nije kwenye mstari wa 5. Watu wamekwama ugenini, hawajui kesho, na neno la kwanza Mungu analowapa ni hili: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Kisha waoe, wazae, wauombee amani mji uleule uliowateka. Nilikaa na mstari huo muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeyasimamisha maisha: silimi, sitengenezi kitu, nasubiri simu ya ofisini. Nilidhani kusubiri kwa namna hiyo ndiyo imani yenyewe. Barua inasema mtu anayemwamini Mungu kwa habari ya kesho anakuwa huru kushika jembe leo.

Mama watoto hakuhitaji tafsiri. Aliposikia "kapandeni bustani" akasema basi twende kwa baba. Wakwe zangu wana kipande karibu na mfereji, upande wa Arumeru. Tukapanda mchicha, kwa sababu ndani ya wiki chache unavunwa, na pembeni sukuma na figiri. Mafungu yakawa yanaenda soko la Tengeru. Fedha yake ilikuwa ndogo, na nisikudanganye kwamba ilifika hata robo ya bakshishi za safari moja nzuri. Lakini ilinunua unga. Zaidi ya hapo, nilikuwa naamka nina mahali pa kwenda, na mwenye familia anajua uzito wa jambo hilo.

Kuhusu maombi nina neno moja: lalamika. Sisi tumefundishwa kuomba kwa adabu, tukianza na shukrani na kumaliza na shukrani, hata kama kifua kinawaka moto. Wakati huo Zaburi ya 13 inafungua hivi: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Ya 88 ni kali zaidi. Inaanza kwa kilio na kuishia gizani, hakuna hata mstari mmoja wa "lakini nitakusifu" mwishoni, na bado imo kwenye Biblia. Anayemlalamikia Mungu bado anaongea naye. Ninaogopa zaidi kwa ajili ya aliyenyamaza huku akisema "Bwana asifiwe" mlangoni mwa kanisa.

Na ile kauli kwamba Mungu hakupi mzigo kuliko nguvu zako, tafadhali tuipumzishe. Paulo kwenye 1 Wakorintho 10:13 anazungumzia majaribu na mlango wa kutokea. Kuhusu mzigo, yeye huyohuyo anasema katika 2 Wakorintho 1:8 kwamba walilemewa "mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi." Kwa hiyo ukihisi umezidiwa, inawezekana kabisa kwamba umezidiwa. Imani yako haina kasoro kwa sababu hiyo.

Mambo ya fedha nitayapita haraka, ingawa ndiyo yanayovunja ndoa nyingi. Usichukue mkopo wa kausha damu ukiuita hatua ya imani. Riba yake haijui maombi. Nenda kwa mwenye nyumba kabla tarehe haijafika, umweleze. Nenda kwa mwalimu mkuu kuhusu ada. Nilimwogopa mwenye nyumba wangu kuliko simba, na alichosema ni "lete unachopata, tutaandikiana." Si wote watasema hivyo, najua. Lakini aliyeambiwa mapema huwa na moyo tofauti na aliyekimbiwa.

Waambie pia watu wa jumuiya. Hapo sisi wanaume tunashindwa. Tunaombewa kwa ujumla, "kwa ajili ya mahitaji yetu mbalimbali", halafu tunarudi nyumbani na hitaji letu mfukoni. Siku niliyotamka mbele yao kwamba sina kazi, baba mmoja aliyekaa karibu na mlango alisema, "Na mimi pia." Wiki zote hizo tulikuwa tunapeana mikono tukidanganyana kwamba hatujambo.

Kazi yangu ilirudi, taratibu, safari moja moja. Ya mwenzangu haikurudi. Alikuwa amekopa anunue gari lake mwenyewe, gari likachukuliwa, sasa anauza vipuri mjini. Ni mtu wa sala kunizidi. Ndiyo maana sitaki ushuhuda wangu usomwe kama kanuni, kwamba mimi niliamini nikapata. Wale vijana watatu mbele ya tanuru la Babeli walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo..." Huyu rafiki yangu anaishi ndani ya maneno hayo, na Jumapili nikimwona anaimba bado, najifunza kwake kuliko anavyojifunza kwangu.

La mwisho ni kwako ambaye mambo yako yamekaa sawa na una ndugu aliyekwama. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo walifanya vizuri. Waliharibu walipofungua vinywa. Kabla ya kumtumia mstari, mnunulie umeme wa LUKU umtumie zile namba za tokeni. Peleka unga. Ukikutana naye barabarani muulize leo, usimuulize mipango ya mwakani. Na ukishafanya hayo, mtumie Yeremia 29, lakini anzia mstari wa kwanza.