Kabla hujabandika kitu kwenye alumini yenye rangi

Herufi ya kwanza ilidondoka mwezi wa tatu baada ya kukabidhi kazi. Lilikuwa bango la DUKA LA DAWA, paneli nyeupe ya alumini, herufi 10 za plastiki ya akriliki nyekundu, zote nimezibandika kwa tepu ya povu ya pande mbili. Mwenye duka akanipigia asubuhi: "Fundi, D ya DAWA iko chini." Nikaenda nikaiokota. Tepu yote ilikuwa mgongoni mwa herufi, nzima, laini kama ilivyotoka kwenye roli. Kwenye paneli hapakuwa na hata alama. Nikalaumu tepu, nikanunua ya bei ghali zaidi, nikarudishia. Ikadondoka tena, safari hii na U ya DUKA.

Mdogo wangu unayeanza kazi ya mabango au madirisha, jibu nilikuwa nimelishika mkononi siku ile ya kwanza, sikujua tu kulisoma. Kitu kikianguka usikitupe, kigeuze ukitazame. Gundi ikibaki yote upande mmoja na upande wa pili ukawa msafi, ujue upande ule haukushikwa tangu mwanzo. Ikichanika katikati, nusu huku nusu kule, ilishika vizuri ila imezidiwa na uzito. Na ikitoka na ngozi ya rangi mgongoni, basi gundi na rangi wameelewana, ila rangi ndiyo iliyoachana na bati. Hapo hata ulete gundi ya ndege, hutapona mpaka uiondoe ile rangi.

Maana kwenye dirisha la kahawia au paneli ya bango hubandiki kwenye alumini. Unabandika kwenye rangi, na rangi hizo haziko sawa. Profaili nyingi za madirisha, yaani vile vipande virefu vya fremu, zimepakwa rangi ya unga: unga unapulizwa kwa umeme, unachomwa kwenye tanuri kwa nyuzi kama 180 hadi 200, unayeyuka na kuwa ngozi ya mikroni 60 hadi 120 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Hiyo ukiisugua vizuri inakubali. Paneli za mabango na za kuta za maghorofa, zile tunazoziita alucobond hata kama zimetoka kiwanda kingine, ni bati mbili nyembamba zenye plastiki katikati. Zile nzuri za nje hupakwa rangi ya PVDF, ndugu yake ile plastiki ya kikaango kisichogandisha chapati. Imetengenezwa makusudi ili uchafu usiishike, halafu wewe unakuja na tepu yako! Kwa hiyo muulize anayekuuzia paneli ni ya nje au ya ndani, na rangi yake ni ipi.

Nilikosea wapi? Paneli ile niliifuta kwa kitambaa chenye petroli, kama nilivyokuta wenzangu wakifanya. Petroli inaacha mafuta yake. Mafuta ya taa ndiyo kabisa. Na thina kali ukiipaka kwenye rangi ya unga, inalainisha rangi yenyewe.

Anza na maji na sabuni. Najua inaonekana kazi ya kitoto, lakini dirisha lililokaa mwaka mmoja Dar, Tanga au Mombasa lina chumvi ya bahari, na thina haiyeyushi chumvi. Maji ndiyo yanayoiyeyusha. Ukibisha, pitisha kidole kwenye fremu ya upande wa bahari kisha ulambe. Suuza, acha pakauke, ndipo ufute kwa alkoholi ya isopropili. Angalia usichukue spiriti ya vidonda, maana nyingine zimetiwa mafuta ya mbarika ndani. Shika vitambaa viwili vyeupe vya pamba: kimoja kimelowa alkoholi, kingine kikavu kinakifuata nyuma kabla haijakauka. Ukiiacha ikauke yenyewe, uchafu uliokwisha kuyeyuka unarudi kukaa palepale. Geuza kitambaa kila baada ya mpapaso mmoja au miwili.

Silikoni ya zamani, ile ya kuzibia kingo za fremu, iondoe kabla ya msasa, kwa kisu na subira. Ukianza kusugua ikiwa bado ipo, unaisambaza fremu nzima, na rangi ikipigwa juu yake inajivuta na kuacha vishimo vya duara kama macho ya samaki. Nimewahi kurudia madirisha sita kwa ajili ya hilo. Na unapoweka silikoni mpya, iache ile inayonuka siki, kwa kuwa tindikali yake inakula chuma na alumini. Nunua isiyo na tindikali, tena uiweke baada ya rangi, kwani hakuna rangi ya kawaida inayoshika juu ya silikoni.

Msasa ni namba 320 au 400, au ile sponji ngumu ya kusugulia. Unaua mng'ao tu, huchimbi. Steli wulu usiguse: inaacha vinyuzi vya chuma ambavyo baadaye vinashika kutu chini ya rangi yako. Kwenye rangi ya zamani iliyochomwa na jua, pitisha kiganja. Kikitoka cheupe kama cha mwalimu wa ubaoni, endelea kusugua na kuosha mpaka kitoke kisafi, la sivyo unabandika kwenye vumbi. Ukitoboa ukaona bati linang'aa, sehemu hiyo ipakwe praima ya alumini, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, siku hiyohiyo, kwa sababu alumini ikikutana na hewa inajivika oksidi papo hapo, na inavyokaa wazi ndivyo inavyozidi kuchafuka. Na kama unapaka rangi upya, kwenye eneo lote lililobaki na rangi ya zamani praima ya epoksi, ile ya makopo mawili ya kuchanganya, haijaniangusha.

Baada ya msasa, kabla ya praima au gundi, nyunyiza maji safi. Yakitanda bila kukatika, endelea. Yakijikusanya vitone kama umande juu ya jani la gimbi, bado kuna mafuta, rudi kwenye vitambaa.

Halafu kuna jua. Paneli ya mita 3 ikipanda kutoka nyuzi 25 asubuhi hadi 65 mchana inarefuka karibu milimita 3, na akriliki hurefuka kama mara tatu ya alumini. Supagluu ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, haiwezi kucheza nazo, inakatika. Ndiyo maana tunatumia tepu nene ya povu au gundi inayobaki kama mpira.

Duka la dawa nilirudi mara ya tatu, tukaishusha paneli nzima. Nilichora kila herufi, nikazungushia tepu ya karatasi milimita 2 ndani ya mstari, nikasugua humo tu, maana mikwaruzo ikitokeza nje ya herufi mteja ataiona kila siku. Nikaosha, nikafuta, nikabandika, nikakandamiza kila herufi kwa rola kwa uzito wa mwili. Tepu ya namna ile baada ya dakika 20 inakuwa imefika nusu ya nguvu yake, baada ya saa 24 asilimia 90, na inakamilika kwenye saa 72. Kwa hiyo niliilaza paneli kwenye meza ya karakana siku tatu. Mwenye duka alipiga simu kila jioni: "Fundi, si imeshashika hiyo?" Nikawa namjibu imeshika, lakini haijashika.

Siku ya nne tukaipandisha. Nikipita pale kwa daladala huwa natazama ile D tu.