Daftari la malkia: namna ya kutunza kumbukumbu za makundi ya nyuki

Wafugaji wengi wa nyuki ninaowafahamu katika mkoa huu wa Mwanza, kuanzia Misungwi na Magu hadi ng'ambo ya Sengerema, wana daftari la aina fulani. Wengi wao huandika namba ya mzinga, tarehe ya kurina na uzito wa asali, kisha huishia hapo. Daftari la namna hiyo linamfaa anayetaka kujua amepata kilo ngapi kwa mwaka, lakini haliwezi kumweleza kwa nini mzinga uliomjazia ndoo msimu uliopita leo una masega matupu. Mzinga ni sanduku au gogo tu. Nyuki waliomo wanaweza kuondoka wote na wengine wakaingia baada ya wiki chache, na hata wasipoondoka, malkia wao anaweza kubadilishwa ndani humo bila mwenye mzinga kutambua. Kwa sababu hiyo ninawashauri wafugaji wenzangu waandike vitu vitatu kwa utambulisho tofauti: mzinga, kundi na malkia.

Katika daftari langu, mzinga una namba ya kudumu iliyopakwa rangi ubavuni, na namba hiyo haibadiliki hata mzinga ukikaa mtupu mwaka mzima. Kundi hupata namba inayotokana na mwaka lilipoingia na nafasi yake katika mwaka huo, kwa hiyo 25-04 ni kundi la nne kuingia mwaka 2025. Malkia hupewa herufi: aliyekuwapo kundi lilipoingia ni A, mrithi wake ni B, na kuendelea. Mstari mmoja basi husomeka hivi: mzinga 12, kundi 25-04, malkia B. Kundi likihama, ukurasa wake unafungwa kwa tarehe na sababu, na kundi jingine likiingia katika mzinga uleule linaanza ukurasa wake mpya, kama mpangaji mpya asiyedaiwa kodi ya aliyemtangulia.

Faida ya utaratibu huu huonekana zaidi kundi linapogawanyika. Malkia mzee ndiye anayetoka na kundi la kwanza, na mzinga wa awali hubaki na vyumba vya malkia ambamo atatoka malkia mchanga. Ukifanikiwa kulinasa kundi lililotoka, lipe namba mpya, lakini malkia wake mwandike kuwa ni A wa 25-04, kwa maana historia yake amekwenda nayo. Kisha kumbuka kwamba kibarua, yaani nyuki mfanyakazi, hukaa takribani wiki tatu ndani ya sega kabla ya kutoka, na huchukua takribani wiki tatu nyingine akifanya kazi za ndani kabla ya kwenda kutafuta chakula nje. Hivyo asali inayoingia katika wiki za mwanzo baada ya malkia kubadilika ni kazi ya watoto wa malkia aliyeondoka. Anayehesabu kwa namba ya mzinga peke yake humsifu malkia mchanga kwa jasho la uzao wa mama yake, na mwaka unaofuata anaweza kuchagua mbegu isiyo sahihi.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni namna ya kuandika habari za malkia ambaye haonekani. Nyuki wetu wa ukanda huu, wanaoitwa kitaalamu Apis mellifera scutellata, hukimbia ovyo juu ya masega wanapofunguliwa, na kumtafuta malkia kati yao kunawachokoza bila sababu ya msingi. Si lazima umwone. Yai hukaa siku tatu kabla ya kuanguliwa: siku ya kwanza husimama wima katikati ya kitako cha chumba, kisha huinama taratibu, na kufikia siku ya tatu huwa limelala. Ukiona mayai yaliyosimama, moja moja katika kila chumba, malkia alikuwa akitaga jana au leo. Ukiona mayai mawili au zaidi katika chumba kimoja, mengine yakiwa yamebandikwa ukutani, huenda kundi halina malkia na vibarua wameanza kutaga, na kutokana na mayai yao watatoka madume tupu. Malkia mchanga aliyeanza kutaga karibuni huweza kutaga ovyo pia kwa muda mfupi, kwa hiyo rudi baadaye uhakikishe kabla ya kuhukumu. Katika daftari, "malkia ameonekana" na "mayai yameonekana" ziwe safu mbili tofauti, kwa sababu anayeandika "malkia yupo" kwa kuangalia wingi wa nyuki mlangoni anajidanganya.

Mayai yanahitaji mwanga. Wengi wetu tumezoea kufungua mizinga jioni au usiku kwa kuhofia ukali wa nyuki, na kwa kurina hilo halina ubaya, lakini kwa ukaguzi mimi hutumia saa za mwisho za alasiri kabla jua halijazama, moshi ukiwa wa kutosha na jua likiwa nyuma ya bega langu ili liangaze ndani ya vyumba.

Kuhusu kumpaka malkia rangi, kuna utaratibu unaofuatwa duniani kote: nyeupe kwa miaka inayoishia na 1 au 6, njano kwa 2 au 7, nyekundu kwa 3 au 8, kijani kwa 4 au 9, na bluu kwa 5 au 0. Malkia wa 2025 basi ni bluu, na wa 2026 ni mweupe. Mimi hupaka rangi pale tu ninapokutana na malkia katika kazi nyingine, kwa mfano wakati wa kuhamisha kundi lililonaswa kwenye mzinga wa mtego. Kumfukuza malkia sega kwa sega kwa ajili ya tone la rangi kunaweza kulifanya kundi zima lihame, na hasara hiyo hailingani na faida. Hata hivyo, malkia mwenye alama ni ushahidi mzuri: ukimkuta asiye na rangi mahali ulipomwacha mwenye rangi, ujue kundi limebadilisha malkia, nawe uandike herufi inayofuata.

Vyumba vya malkia navyo viandikwe pamoja na mahali vilipo. Vingi vinavyoning'inia ukingoni mwa sega huashiria kwamba kundi linajiandaa kugawanyika; viwili au vitatu katikati ya sega, huku mayai yakiwapo, mara nyingi huonyesha kwamba malkia mzee anaandaliwa mrithi; vilivyojengwa kwa haraka kutoka kwenye vyumba vya kawaida vya vibarua, na mayai hayapo, huonyesha kwamba malkia amekufa ghafla. Chumba cha malkia hufunikwa takribani siku ya nane tangu yai litagwe, na malkia hutoka takribani siku ya kumi na sita, kwa nyuki wetu pengine mapema kidogo. Baada ya hapo anahitaji siku kadhaa kukomaa, kuruka na kupandwa na madume wengi, kisha ndipo aanze kutaga. Ukiona chumba kilichofunikwa leo, andika palepale tarehe ya kurudi, takribani wiki nne mbele, na usiufungue mzinga huo kabla yake. Katika masika yenye mvua ya mfululizo ongeza wiki moja, kwa sababu malkia haruki kwenye mvua.

Jambo linalowaumiza wafugaji wa kwetu kuliko yote ni kuhama kwa makundi, na hapo ndipo daftari linapolipa. Kuna kuhama kwa njaa na kuhama kwa kusumbuliwa, na dalili zake hazifanani. Kundi linalohama kwa kusumbuliwa, iwe ni siafu, nyegere, moto au mfugaji mwenyewe, huondoka ghafla na kuacha majana, yaani watoto wa nyuki walio bado ndani ya masega, na hata asali. Kundi linalohama kwa njaa hujiandaa kwa wiki kadhaa: malkia hupunguza kutaga, majana yaliyopo huachwa yatoke, asali iliyohifadhiwa huliwa, kisha wote huondoka na kuacha masega makavu. Kwa hiyo ninaandika idadi ya masega yenye majana katika kila ukaguzi. Ukisoma kwamba kundi lilikuwa na masega sita ya majana mwezi Juni, matatu mwezi Julai na moja mwezi Agosti, wakati kiangazi kimekausha maua na ziwa linawapa nyuki maji bila chakula, una muda wa kuwapa maji ya sukari kabla hawajaondoka. Bila tarakimu hizo utagundua siku utakayokuta mzinga una nondo wa nta peke yao.

Katika maeneo ya pamba ongeza safu ya dawa. Andika siku ulipokuta nyuki wengi waliokufa mlangoni, na uulize ni shamba la nani lililopulizwa na kwa saa ngapi. Kumbukumbu ya misimu miwili inakupa hoja ya heshima unapozungumza na jirani, na wengi hukubali kupulizia jioni wakielezwa kwa tarehe badala ya lawama.

Ukali wa nyuki uandikwe kwa alama kuanzia 1 hadi 5, lakini usiandike alama bila mazingira yake: saa, hali ya hewa, na kama kulikuwa na maua. Kundi pole huweza kuwa kali sana mawingu ya mvua yanapokusanyika. Alama zinazofanana katika kaguzi nyingi ndizo za kuaminika. Ninapochagua kundi la kugawa mwanzoni mwa vuli, naangalia malkia ambaye kundi lake lilistahimili kiangazi bila kuhama, likawa na majana yaliyojaa bila mapengo na ukali unaovumilika. Wingi wa asali huja baada ya hayo. Binti zake watapandwa na madume wa makundi ya jirani, kwa hiyo nao hufunguliwa kurasa zao na kupimwa kwa kazi yao wenyewe.

Kwa vifaa, penseli ni bora kuliko kalamu, kwa kuwa wino huyeyuka ukiguswa na asali au jasho. Karatasi isiachwe ndani ya mzinga, kwa sababu nyuki huitafuna. Glavu zikiwa na gundi ya nyuki, mimi hurekodi sauti kwa simu na kunakili daftarini jioni ileile. Ninapompa mfugaji mwingine kundi, nampa pia nakala ya ukurasa wake, pamoja na herufi ya malkia na tarehe ya ukaguzi wa mwisho, ili aendelee kuandika kuanzia mstari unaofuata.