Kiendelezi changu kinasahau hesabu

SWALI: Nimetengeneza kiendelezi cha Chrome kinachohesabu dakika ambazo mtu anatumia kwenye mitandao ya kijamii. Tangu nihamie Manifest V3 (toleo jipya la kanuni za viendelezi vya Chrome), hesabu inarudi sifuri yenyewe, wala sioni ujumbe wa kosa. Nikikagua kwa DevTools (zana za Chrome za kukagua msimbo), kinafanya kazi vizuri!

JIBU: DevTools ndiyo inayokuficha ukweli. Ikiwa wazi, msimbo wa chinichini wa kiendelezi (service worker) hauzimwi. Ukiifunga, Chrome huuzima baada ya sekunde 30 bila tukio lolote, na vigeu vyote vilivyo kwenye kumbukumbu hupotea.

Andika hesabu kwenye chrome.storage.local (hifadhi ya kudumu ya kiendelezi) kila inapobadilika, kisha uisome upya kila tukio linapoingia. Achana na setInterval (kipima muda cha JavaScript), kwani nayo hufa pamoja na msimbo; badala yake tumia chrome.alarms (kengele za Chrome yenyewe), ambayo tangu Chrome 120 inakubali kipindi cha kuanzia sekunde 30. Ongeza ruhusa za "storage" na "alarms" kwenye manifest.json, faili la maelezo ya kiendelezi.

Wengi hukwama hapa: kila addListener (amri inayosajili kipokea tukio) iwe ngazi ya juu ya faili, yaani nje ya kazi (function) yoyote, kamwe isisubiri await (amri ya kungoja matokeo), la sivyo tukio lililouamsha msimbo litapotea.

Ukijaribu, zima msimbo huo mwenyewe kupitia ukurasa wa chrome://serviceworker-internals.