Je, fosili moja inaweza kuangusha nadharia ya mageuko?

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Hapa Kondele tunabishana sana na mjomba wangu, anasema yale mawe na meno ya Nyayanga kule Homa Bay yaliwashangaza wanasayansi, kwa hivyo nadharia ya mageuko ya viumbe imeshaanguka. Ni kweli? Ama kuna fosili gani inaweza kuiangusha? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Kushangaa walishangaa kweli, mjomba hajadanganya. Ripoti ilitoka 2023: zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na 3, mifupa ya viboko iko na alama za kukatwa, na hapo hapo magego mawili ya Paranthropus, ambaye si babu yetu, ni ndugu wa pembeni tu, na wengi walikuwa wamezoea kuamini zana kama hizo ni za jamii yetu ya Homo peke yake. Sasa hiyo inagusa nani alishika jiwe na lini. Kwamba viumbe wana ukoo mmoja haijaguswa.

Lakini cha kuiangusha kinaweza kupatikana, na watu wasifiche hilo. Chukua Rusinga, kile kisiwa cha Ziwa Victoria. Volkeno ya Kisingiri ilimwaga majivu pale kama miaka milioni 18 iliyopita, na sehemu ndogo ya potasiamu iliyo ndani ya majivu hugeuka gesi ya argoni kwa kasi inayojulikana, ndio umri unapimwa. Humo mtafiti wa fosili Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul 1948, jamii ya sokwe wa kale, na wanyama wengine kibao wametoka humo, lakini mtu hata mmoja hakuna. Siku fuvu la mtu wa leo litapatikana limenasa ndani ya tabaka hilo, halafu mengine ya aina hiyo yatokee kwingine, nadharia itakuwa na shida kubwa sana, kwa sababu inasema mtu wa leo alitokea baadaye sana.

Shida ni kuthibitisha lilikuwa humo kweli, halikuzikwa ama kusombwa na maji baadaye. Hapo Homa Bay tu, Kanam, timu ya mtafiti Louis Leakey ilipata taya 1932, Leakey akasema ni la mtu wa kale sana, kumbe 1935 mwanajiolojia Percy Boswell akaja kukagua na Leakey akashindwa kumwonyesha mahali kamili lilipotoka, dai likaporomoka. Kwa hivyo mtu akiona mfupa wa ajabu kwa mwamba asiung'oe, apige picha ukiwa pale pale halafu aite watu wa Makumbusho ya Kisumu.