Mama mkwe anakuja, na mbwa wanne wako sebuleni

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, naishi Kinyerezi na mume wangu na watoto wetu wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine mitano. Mimi Mkristo, yeye Mwislamu, ndoa yetu ni ya bomani. Tuna mbwa wadogo wanne. Snowi ni Japanese Spitz, nilimnunua akiwa kitoto. Bosi ni Maltese dume, tuliachiwa na rafiki aliyehamia Dodoma. Wakazaa, na watoto wao wawili, Pipi (jike) na Chapati (dume), wamekosa mnunuzi. Maziwa ya Snowi hayakutosha, nikawalea kwa chupa. Wote wanalala sebuleni, ila Pipi analala kitandani kwetu.

Mwezi ujao mama mkwe anakuja kutoka Tanga kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Atakaa miezi miwili. Ni mtu wa swala tano. Safari iliyopita alikaa siku mbili tu, akaswalia kibarazani, na chakula changu hakukigusa. Sasa mume wangu ametamka mezani, mbele ya watoto, kwamba mbwa wote waondoke kabla mama hajafika. Watoto wamelia mpaka wakalala na njaa. Na huyo anayesema hivyo, msikitini kwenyewe anaonekana Idi hadi Idi! Jirani naye analalamikia kelele, na dada wa kazi siku hizi akisafisha uchafu wao asubuhi ananuna. Nifanyeje? Nichague mbwa au ndoa?

Mama Pipi, Kinyerezi

Marahaba, mwanangu. Una watoto wawili wa kuzaa, na barua umeitia sahihi kwa jina la mbwa. Nimecheka, kisha nikamfikiria mumeo akiisoma.

Mbwa au ndoa? Hilo swali hakuna aliyekuuliza, umelileta mwenyewe. Mumeo katumia ubabe, na kulitamka mbele ya watoto amekosea, nitalirudia. Lakini sikia kinachomchoma. Mama yake alilala nyumbani kwake siku mbili akaondoka na njaa, na usidhani Tanga hawakuambizana. Safari hii anakuja mgonjwa. Mtu wa Idi hadi Idi naye ana mama, kwa hiyo acha kumhesabia rakaa.

Sasa mkweo. Waislamu wa pwani yetu wengi ni Mashafii, yaani wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, na kwa Mashafii mate ya mbwa na majimaji yake yoyote ni najisi nzito. Chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, na moja kati ya hizo ni kwa udongo. Nguo ikiguswa na ulimi wake, au na unyayo uliolowa, haiswaliwi mpaka isafishwe vivyo hivyo. Mbwa mkavu akipita akagusa kanga kavu, hapo hakuna neno. Ukishaijua kanuni hiyo, fikiria jikoni kwako siku ile. Ugali na dagaa wa mbwa umepikwa kwenye sufuria ipi? Bakuli lao limeoshwa kwenye sinki ipi, kwa dodoki lipi? Mama wa watu ataijuaje sahani iliyo salama? Akiuliza atakuwa amekutukana nyumbani kwako. Akaona bora ashinde na njaa. Wewe umeona dharau, mimi naona adabu.

Na atatokea mtu wa kukuambia kwamba kwa Wamaliki mbwa ni twahara. Ni kweli, huo ndio msimamo wa madhehebu ya Imamu Malik. Lakini mkweo hakulelewa Morocco, na miezi miwili ya matibabu si wakati wa kumhamisha mtu madhehebu. Suala la kwamba malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa mwachie mumeo akamuulize sheikh wake. Atapata na sababu ya kwenda msikitini.

Kazi yako wewe ni vyombo na chumba. Nunua sahani mbili, bakuli, kikombe, kijiko na kisufuria kipya, uviweke kwenye kabati la peke yake, na vioshwe kwa dodoki lao. Vyombo vya mbwa vitoke jikoni kabisa, vikaoshewe uani. Chumba cha mama kipigwe deki, mashuka yafuliwe, mkeka uwe mpya, ndoo na kata ya kutawadhia iwe yake, mlango ufungwe. Hata kama angekuwa padri ningekuambia hivyo hivyo, kwa sababu ya lile jicho. Aliyetoka kutolewa mtoto wa jicho hatakiwi kusugua jicho wala kuingiwa na vumbi na uchafu, na Snowi, kama Spitz wote, anapukutisha manyoya meupe mpaka kwenye pazia. Anayemtia dawa ya matone anawe mikono kwa sabuni kwanza. Kama ni wewe uliyekuwa umembeba Pipi dakika moja iliyopita, nawa mbele yake ili aone.

Maana yake mbwa wanatoka ndani. Hawatoki nyumbani, wanatoka ndani, wanahamia uani. Na wahame wiki hii. Ukingoja mpaka basi la Tanga liko njiani, usiku wa kwanza wa mgeni utakuwa wa vilio vya mbwa wanaogonga mlango wa nyuma, na hapo hata mimi sitakutetea. Mwite fundi akupigie banda lenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa, paa lisilovuja, upande mmoja wavu ili hewa ipite. Likae kivulini. Spitz ana manyoya mazito ya tabaka mbili na joto la Dar mnalijua, kwa hiyo maji yasikauke. Ukimwona anahema bila kukoma na kuyumba, mlowanishe kwa maji, mweke penye upepo, umkimbize kwa daktari wa mifugo. Watembezwe asubuhi mapema na jioni, lami ya saa saba inaunguza nyayo. Bakuli nne zitenganishwe, maana mbwa waliozoea kulishwa mmoja mmoja jikoni wakikutana kwenye sinia moja watararuana. Na makombo ya pilau usiwape. Kitunguu na kitunguu saumu vinaharibu damu ya mbwa, na mfupa wa kuku uliopikwa unavunjika kama vijiti na kumtoboa tumbo.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nikujibu wewe kabla ya barua nyingine. Katika barua yako mbwa wote wanne wana majina. Yule binti anayezoa mavi yao kila asubuhi umemwita "dada wa kazi", ukampa nusu sentensi, na hiyo nusu ni ya kumlaumu kwa kununa.

Ulipomwajiri mlikubaliana nini? Nadhani mlitaja watoto, kupika, kufua, kusafisha nyumba. Wakati huo ulikuwa na mbwa mmoja, au hukuwa naye kabisa. Leo wako wanne, wanajisaidia ndani usiku kucha, Bosi bila shaka anakojolea miguu ya makochi, na mtu wa kwanza kuamka nyumba nzima ni yeye. Mshahara umeongezeka mara ngapi tangu Bosi afike? Hukusema pia dini yake. Kama ni Mwislamu, huyo binti amekuwa akijitwaharisha kila asubuhi kabla ya kuswali, kwa sababu ya wanyama ambao si wake, na hakuna aliyemuuliza. Kama si Mwislamu, bado ni kazi ya pili juu ya kazi. Mimi kwenye nyumba yako wa kwanza kumwonea huruma ni huyo, wala si mkweo wala mumeo.

Kaa naye chini, uulize, unyamaze usikie. Akisema hataki kabisa mambo ya mbwa, usimnunie, mpe kazi zake za zamani na mbwa ubaki nao wewe. Akisema yuko tayari kwa malipo, mlipe kiasi cha maana, kiandikwe, na umnunulie glavu, buti na kizoleo cha kazi hiyo tu. Siku yake ya kupumzika isiguswe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila wiki, na mfanyakazi wa nyumbani ni mfanyakazi. Ila ukiniuliza mimi, nitasema amka saa kumi na moja uzoe mwenyewe. Wewe ndiye uliyewalea kwa chupa. Mifuko ya plastiki tuliiaga Juni 2019, basi tumia koleo na shimo, funika kwa udongo. Na usiruhusu uchafu ulale siku mbili tatu. Mayai ya minyoo ya mviringo ya mbwa hayaambukizi yakiwa mabichi, yanahitaji wiki kadhaa kwenye udongo ndipo yawe hatari. Anayezoa kila siku anakuwa ameshaimaliza kazi kabla wa miaka mitano hajakaa kuchezea mchanga. Dawa ya minyoo muulize daktari ratiba yake. Wengi huwapa mbwa wakubwa kila baada ya miezi mitatu.

Halafu hao wanne, mwanangu, hawatabaki wanne. Hukuniambia kama umewahasi, na mtu aliyewahasi husema. Baba, mama, binti na kaka yake wako banda moja, nao hawajui mahari wala undugu. Jike hupata joto karibu mara mbili kwa mwaka, na mimba ya mbwa ni siku 63 hivi. Piga hesabu: mkweo anaweza kuja kutibiwa macho, na jambo la kwanza atakaloona vizuri likawa Pipi anamzalia kaka yake. Mpigie daktari wa mifugo leo. Kama fedha haitoshi kwa wote, anza na madume wawili, upasuaji wao ni mwepesi zaidi, na Bosi huenda akapunguza kukojolea makochi. Majike wakae mbali nao angalau mwezi mzima, kwa sababu dume haishiwi nguvu ya kuzalisha siku ileile aliyohasiwa. Yale makochi yasugue kwa siki na maji. Harufu ikibaki atarudi palepale.

Kuna wasomaji watakaosema uwapunguze wabaki wawili. Sikulazimishi. Kama kuna mtu unayemfahamu, mwenye uwanja na moyo, anamtaka Chapati, mpe akiwa na kadi yake ya chanjo. Lakini kumshusha mbwa aliyekulia kwenye kochi barabara ya Pugu usiku ni ukatili mtupu, na nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008.

Jirani hanipi shida sana. Mbwa wadogo akianza mmoja wote wanaitikia, na wakiwa sebuleni wanaona kila bodaboda inayopita getini. Uani hawataiona. Peleka watoto wakamsalimie, umwonyeshe na kadi za chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo hiyo ni ya kila mwaka, na udogo wa mbwa haumwondolei meno. Akimparura au kumng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa kwenu.

Mumeo mwendee usiku watoto wakishalala, ukiwa na mpango mkononi: banda liko hapa, fundi anataka kiasi hiki, vyombo vya mama hivi hapa, daktari wa kuhasi anakuja siku fulani. Mwanamume aliyetamka amri kwa sababu ya aibu hulegea akiona aibu imeshughulikiwa. Mkishakubaliana, mwambie kesho yake arudi mezani palepale awaambie watoto kwamba mbwa wanahamia uani, hawatupwi, na mkubwa apewe kazi ya maji ya kunywa jioni. Aseme yeye, si wewe. Aliyewaliza ndiye awanyamazishe.

Na Pipi ashuke kitandani. Sijali najisi wala twahara hapo. Umeolewa na mtu mmoja, na huyo mtu amekuwa akilala pembezoni muda wote huo bila kuniandikia barua.

Mwisho, mpigie mkweo simu wewe mwenyewe, kabla mwanawe hajampigia. Usimweleze habari za mbwa wala kujitetea. Mwambie, "Mama, chumba chako tayari, mkeka mpya, vyombo vyako nimevitenga havijaguswa na chochote, na mbwa wako uani hawaingii ndani. Nikupikie nini siku ukifika?" Akitaja chakula, kiandike.