Kile "kinyesi cha ndege" kinachokula mlimau wako ni mtoto wa kipepeo

Mkuu, umeuliza dawa ya kuua vidude vinavyofanana na kinyesi cha ndege vinavyokula majani ya mche wako wa mlimau. Tafadhali usinyunyize kitu kwanza. Hao ni viwavi wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, yule anayezungukazunguka milimau na midimu. Nimewalea kwa miaka mitatu sasa.

Mama yao hutua kwenye jani changa na kuligonga kwa miguu ya mbele, maana huonja kwa miguu. Akiridhika hutaga yai moja la njano hafifu, dogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, kisha huyoo, jani jingine. Baada ya siku chache kiwavi hutoka na kulila ganda la yai lake. Hiyo sura ya kinyesi ndiyo ngao yake, ndege hawamtamani. Akishajivua ngozi mara nne anakuwa wa kijani, mnene, na hapo ndipo anapofyeka majani kwelikweli. Mguse mgongoni taratibu: nyuma ya kichwa zinachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu yake kali haitoki kidoleni mpaka sabuni.

Kisha hujifunga kijitini kwa uzi mwembamba kama mkanda wa kiunoni, anakuwa pupa, yaani lile ganda ambalo ndani yake kiwavi hugeuka kipepeo. Pupa mmoja wangu alitoboka ubavuni wakatoka nyigu wadogo badala ya kipepeo. Iliniuma, lakini nyigu hao ndio wanaopunguza viwavi bustanini, na dawa ingewaua wao pia.

Mti mkubwa hauna shida, utachipua tena. Kama mche una majani machache, kata jani pamoja na kiwavi wake ulipachike kwenye mlimau, mdimu au mchungwa mkubwa. Usimtupe kwenye majani yoyote tu, atakufa njaa.

Ukiona rangi za mabawa zinaonekana ndani ya pupa, kaa karibu. Atatoka na mabawa yaliyokunjamana kama kitambaa kibichi, aning'inie huku akiyajaza maji ya mwilini hadi yanyooke. Usimsaidie kutoka. Mimi nilimsaidia mmoja kwa huruma, bawa lake la kushoto halikunyooka kabisa.